Robert Morrison na Wachina Waliobeba Hatari

Mkuu wa Chuo, walimu, wachungaji mliotoka sharikani, na ninyi wanafunzi: Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya Robert Morrison, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kufika China bara. Nimekubali kwa furaha, maana nimemsoma kwa miaka mingi na nampenda. Lakini nikiwasimulia habari zake peke yake nitakuwa nimewapa nusu ya habari. Katika China ya wakati ule, mmisionari akigunduliwa alifukuzwa nchini. Mchina aliyemfundisha lugha au kumchongea vibao vya kuchapia, akigunduliwa, alichapwa viboko au alipoteza uhai. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu, na mengine yote yanalizunguka.

Morrison alizaliwa tarehe 5 Januari 1782 katika mji wa Morpeth, kaskazini mwa Uingereza, kitinda mimba wa watoto wanane. Baba yake alikuwa Mskoti, kibarua wa mashambani, ambaye baadaye alihamia Newcastle akawa fundi wa kalibu za mbao za kutengenezea viatu. Robert aliingizwa kwenye kazi hiyo hiyo akiwa mvulana. Alihamishia kitanda chake karakanani ili asome usiku, na mchana aliweka kitabu wazi mbele yake huku mikono ikichonga. Kwa njia hiyo alianza Kilatini, kisha Kiyunani na Kiebrania. Mwaka 1803 aliingia chuo cha Hoxton jijini London, na mwaka uliofuata akapokelewa na London Missionary Society.

Shirika hilo si geni kwetu, kwa kuwa ndilo lililomtuma David Livingstone. Livingstone mwenyewe alikuwa amejiandaa kwenda China akiwa daktari, ila Vita vya Afyuni kati ya Uingereza na China, vilivyoanza mwaka 1839, vilimfungia njia, ndipo akaelekezwa Afrika. Na sisi wa upande huu tunajua kwamba mwili wake ulifika Bagamoyo mwaka 1874 kwa sababu akina Susi na Chuma waliubeba kwa miezi mingi, kutoka ndani kabisa ya nchi. Mtazameni Morrison kwa jicho hilo hilo. Muulize ni nani waliombeba.

Wa kwanza alimkuta London. Aliitwa Yong Sam-tak, kijana kutoka Guangzhou, na waliishi pamoja ili Morrison ajifunze kwake. Inasimuliwa kwamba siku moja Yong alimwandikia herufi kadhaa kwenye karatasi. Morrison alizikariri, kisha akaitupa karatasi motoni. Kwa Mchina aliyelelewa kuheshimu maandishi, lile lilikuwa tusi zito, na Yong aligoma kumfundisha kwa siku tatu. Tangu hapo Morrison aliandika mazoezi yake kwenye bamba la bati, apate kufuta bila kuchoma kitu. Mimi naona somo lake la kwanza la umisionari lilikuwa hilo, na alilipata kwa mwalimu wake kabla hajapanda meli.

Pamoja na Yong alinakili hati ya kale iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza: sehemu kubwa ya Agano Jipya kwa Kichina. Ilikuwa kazi ya padre Mkatoliki kutoka Ufaransa, Jean Basset, aliyefariki mwaka 1707. Biblia ya Waprotestanti wa China, basi, ilianzia kwenye kazi ya Wakatoliki, na Morrison hakulificha hilo. Kwetu, tunaopenda kugombania nani alitangulia wapi, habari hii ingefaa isomwe mara kwa mara.

Meli za Kampuni ya Uhindi ya Mashariki zilikataa kumchukua. Kampuni hiyo ya Kiingereza ndiyo iliyohodhi biashara kati ya Uingereza na China, na haikutaka wahubiri wamuudhi Kaisari na kuiharibia chai yake. Kwa hiyo Morrison aliondoka Januari 1807 kwenda New York, akapata barua ya utambulisho kutoka kwa James Madison, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, kisha akapanda meli ya Kimarekani iliyoitwa Trident. Alifika Macau mwanzoni mwa Septemba, na siku chache baadaye akawa Guangzhou, mji ambao Wazungu waliuita Canton.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu bila kuelewa Guangzhou hatutamwelewa. Wageni wa Magharibi waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari hiyo moja tu ya dola zima. Waliishi kwenye safu ya majengo kando ya mto, nje ya kuta za mji, tena kwa msimu wa biashara peke yake. Msimu ukiisha walirudi Macau, iliyokuwa chini ya Wareno. Hawakuruhusiwa kuja na wake zao Guangzhou. Hawakuruhusiwa kuzungumza na maofisa wa serikali isipokuwa kupitia wafanyabiashara Wachina waliopewa kibali. Na ilikatazwa kabisa mgeni kufundishwa Kichina.

Katazo hilo lilikuwa na meno. Mwaka 1759 Mwingereza mmoja wa Kampuni, James Flint, aliyekuwa amejifunza Kichina, alisafiri kuelekea kaskazini kupeleka malalamiko ya wafanyabiashara kwa Kaisari Qianlong. Flint alifungwa Macau kwa miaka mitatu, kisha akafukuzwa. Mchina aliyetuhumiwa kumwandikia malalamiko yale, Liu Yabian, aliuawa. Kosa ni moja, mashtaka ni yale yale, ila mmoja alirudi kwao na mwingine alikatwa kichwa. Kila Mchina aliyeingia chumbani kwa Morrison na kitabu mkononi alilijua hilo.

Na waliingia. Mmoja aliitwa Abel Yun, Mkatoliki aliyejua Kilatini alichofundishwa na mapadre wa Beijing, na ambaye Kilatini ndicho kilichokuwa daraja kati yake na Morrison. Mwingine ni msomi ambaye Morrison anamtaja kwa jina la Ko, aliyemsomesha vitabu vya Confucius mwaka baada ya mwaka. Inasimuliwa kwamba mmoja wa walimu wake alitembea na sumu mwilini ili, akikamatwa, ajiue kabla ya kuteswa. Walilipwa, ndiyo. Lakini ni mshahara gani unaomfanya mtu atembee na sumu? Kulikuwa na jambo zaidi ya fedha: labda urafiki, labda mapenzi ya elimu, kwa Abel labda imani. Wao wenyewe hawakuachiwa nafasi ya kutueleza.

Miezi ya kwanza Morrison alijaribu kuishi kama Mchina. Alivaa nguo za Kichina, akafuga kucha na msuko wa nywele, akala kwa vijiti, akalala na kusoma katika vyumba vya chini vya ghala. Afya ilianza kuyumba, na akaona kwamba mavazi yale yanamfanya ashangaliwe badala ya kumsitiri. Akaacha. Kilichomfaa zaidi ni kusali kwa Kichina akiwa peke yake, akijizoeza kumwambia Mungu mambo ya moyoni kwa lugha ngeni.

Sasa nafika mahali pagumu, na singependa kuparuka. Tarehe 20 Februari 1809 mambo mawili yalimpata kwa siku moja. Alimwoa Mary Morton pale Macau, na Kampuni ile ile iliyomkatalia meli ikamwajiri kuwa mfasiri wake kwa pauni 500 kwa mwaka. Kwa ajira hiyo alipata haki ya kukaa. Bila hiyo angefukuzwa. Alidumu nayo kwa karibu miaka yote iliyobaki ya maisha yake.

Lakini fedha ya Kampuni ilitoka wapi? Kampuni ilisimamia kilimo cha afyuni Bengal, ikaiuza kwa mnada Calcutta, na wafanyabiashara binafsi wakaivusha kwa magendo mpaka pwani ya China. Serikali ya China ilikuwa imeipiga marufuku biashara ya afyuni ya kuvuta tangu mwaka 1729, na mwaka 1800 ilikataza kuiingiza nchini. Fedha iliyopatikana ndiyo iliyonunua chai. Morrison hakuuza afyuni. Hata hivyo mchana aliandika barua za Kampuni na usiku alifasiri Injili kwa mafuta ya taa yaliyolipiwa na Kampuni hiyo. Wapo wanaomhukumu vikali kwa jambo hili, na wapo wanaolipita kimya kimya. Mimi nasema lilikuwa doa, na lilikuja kuwaponza wengine, kama mtakavyosikia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwaka 1820 yeye na daktari wa Kampuni, John Livingstone, ambaye si yule wetu, walifungua zahanati Macau kwa ajili ya maskini. Wakamweka hapo mganga wa Kichina, wakanunua vitabu vya tiba ya Kichina na dawa zake ili wazichunguze kwa heshima. Wazungu waliofanya hivyo miaka ile walikuwa wachache sana.

Nyumbani kwake kulikuwa na huzuni. Mwezi Machi 1811 mtoto wao wa kwanza, James, alikufa siku ile ile aliyozaliwa. Wareno hawakuruhusu Mprotestanti azikwe katika makaburi ya Kikatoliki, kwa hiyo baba mtu alimzika mwanawe mlimani, nje ya mji. Miaka kumi baadaye, tarehe 10 Juni 1821, Mary mwenyewe alikufa kwa kipindupindu. Morrison alitaka kumzika kando ya mtoto, na Wachina wa pale wakakataa kaburi lisifunguliwe. Ndipo Kampuni ikanunua kiwanja, na Mary akawa miongoni mwa wa kwanza kuzikwa katika makaburi ya Waprotestanti wa Macau. Morrison alibaki na watoto wawili wadogo, Rebecca na John Robert. Mwaka uliofuata alifariki mwenzake wa kazi, William Milne, aliyekuwa amefukuzwa Macau na Wareno siku chache tu baada ya kuwasili mwaka 1813, akaenda kufungua kituo Malacca, bandari iliyoko katika Malaysia ya leo. Milne ndiye aliyetafsiri sehemu ya Agano la Kale, tangu Kumbukumbu la Torati hadi Ayubu.

Kazi yenyewe ilifanyikaje? Wengi tukisema kwamba Morrison alichapisha Biblia, tunawaza mashine. Hapakuwa na mashine. Mwandishi mwenye mkono mzuri aliandika ukurasa mzima kwa brashi kwenye karatasi nyembamba. Karatasi ile ilibandikwa kifudifudi juu ya kibao cha mti, wino ukaonekana kinyume kwa nyuma yake. Kisha mchongaji akakaa na visu vyake na kuondoa mti wote usiokuwa na wino, mpaka kila mstari wa kila herufi ukabaki umeinuka. Kibao kilipakwa wino, karatasi ikatandikwa, ikapitishwa brashi kavu kwa nyuma, ikabanduliwa. Ukurasa mmoja, kibao kimoja. Jumlisheni Biblia nzima. Vibao vile vilirundikana ndani ya nyumba, na kila kibao kilikuwa ushahidi wa kutosha kumpeleka mchongaji gerezani, kwa kuwa amri ya Kaisari Jiaqing, ambayo Morrison aliifasiri na kuituma London mwaka 1812, iliweka adhabu ya kifo kwa uchapaji wa vitabu vya Kikristo.

Agano Jipya lilichapwa nakala 2,000 mwaka 1814. Wakurugenzi wa Kampuni London walipopata habari waliagiza Morrison afukuzwe kazi, lakini wakubwa wa Guangzhou, waliomhitaji mno, wakamng'ang'ania. Tafsiri ya Biblia nzima ilikamilika Novemba 1819, na mwaka 1823 ikatoka Malacca katika majuzuu 21. Mwaka huo huo ilikamilika pia kamusi yake ya Kichina na Kiingereza, iliyoanza kutoka mwaka 1815 na kufika majuzuu sita. Kampuni iliigharamia kwa pauni 12,000 hivi, na herufi zake za Kichina zilichongwa kwa mkono, moja moja, kwenye vipande vya madini. Safari yake ya Beijing mwaka 1816 kama mkalimani wa ujumbe wa Lord Amherst sina haja ya kuieleza kwa kirefu: wajumbe waligoma kumsujudia Kaisari, wakarudishwa bila kumwona.

Na waumini? Katika miaka 27 Morrison aliwaona Wachina kama kumi tu wakibatizwa. Wa kwanza alikuwa Cai Gao, aliyemsaidia kwenye uchapaji. Hakuwa mtakatifu wa kuchorwa ukutani. Alikuwa mwepesi wa hasira, na Morrison aliliandika hilo bila kuficha. Tarehe 16 Julai 1814 walikwenda kwenye chemchemi iliyotoka chini ya kilima, kando ya bahari, mahali pasipokuwa na macho ya watu, akabatizwa. Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 1818.

Anayenigusa kuliko wote ni Liang Fa. Alizaliwa mwaka 1789 katika familia maskini ya Guangdong, akasoma miaka michache, kisha akaja Guangzhou kutafuta kazi. Alitengeneza brashi za kuandikia, halafu akajifunza kuchonga vibao. Alichonga maneno ya Injili kwa ujira kabla hajayaamini. Alikwenda na Milne Malacca mwaka 1815, na tarehe 3 Novemba 1816 akabatizwa huko.

Mwaka 1819 alirudi nyumbani kwake, akaona jamaa zake hawana habari ya Kristo. Akaandika kijitabu mwenyewe, kwa lugha yao, akachonga vibao vyake mwenyewe, akachapa nakala 200. Hakuna mzungu aliyemtuma kufanya hivyo. Maofisa walimkamata kabla hajazigawa. Vibao na vitabu vilichomwa moto. Alichapwa viboko 30 vya mwanzi mpaka damu ikamtiririka miguuni. Morrison alihangaika kumtafutia msaada kwa watu wenye uwezo, na fedha ikatolewa ndipo akaachiwa. Baada ya kutoka, Liang Fa alimfundisha mke wake, na kwa kuwa hapakuwa na mchungaji wa kuwafikia kijijini, akambatiza yeye mwenyewe. Familia za Kiprotestanti za Kichina zilianzia nyumba ile, kwa mikono ya mume ambaye vidonda vyake vilikuwa bado vibichi.

Mwaka 1827 Morrison alimwekea mikono kuwa mhudumu wa Injili. Mwaka 1832 Liang Fa alichapisha kitabu cha mawaidha, na nakala moja ikamfikia kijana aliyekuja Guangzhou kufanya mtihani wa serikali, Hong Xiuquan. Alikiweka kando, akaja kukisoma kwa makini mwaka 1843. Alichokielewa humo, kikichanganyika na ndoto zake, kikazaa uasi wa Taiping ulioiteketeza China hadi mwaka 1864 na kuua mamilioni ya watu. Huyo anahitaji hotuba yake peke yake.

Mwaka 1834 Kampuni ilipoteza ukiritimba wake. Serikali ya Uingereza ikamleta Lord Napier kusimamia biashara, naye akamfanya Morrison katibu na mkalimani, akavishwa koti la ofisa wa Mfalme. Alikuwa tayari mgonjwa. Alisafiri kwa mashua kwenda Guangzhou katika joto na mvua, na tarehe 1 Agosti alifariki, akiwa na miaka 52. Alizikwa Macau, kando ya Mary.

Miaka mitano baadaye Kamishna Lin Zexu alifika Guangzhou kwa amri ya Kaisari, akateketeza zaidi ya masanduku 20,000 ya afyuni. Meli za kivita za Uingereza zikaja. Liang Fa alimwendea John Robert, mwana wa Morrison, ambaye alikuwa amerithi kazi ya baba yake ya ukalimani. Alimsihi atumie ushawishi wake ili vita isipiganwe, kwa sababu Wachina wakishapigwa mizinga na Waingereza hawatataka tena kusikia Injili midomoni mwao. Aliyajua hayo fundi wa vibao aliyesoma miaka michache, na mabwana wa London hawakuyajua, au hawakuyajali. Vita ilipiganwa. John Robert alikuwa mkalimani wa Waingereza mpaka Mkataba wa Nanjing ulipotiwa saini mwaka 1842, akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 29.

Liang Fa naye alikuwa na mtoto wa kiume, Liang Jinde, aliyebatizwa na Morrison angali mdogo na kusomeshwa Kiingereza na mmisionari Mmarekani, Elijah Bridgman. Mwaka 1839, Kamishna Lin alipotaka kujua magazeti ya wageni yanasema nini, kijana huyo alikuwa mmoja wa waliomtafsiria. Mwana wa Morrison akawafasiria wenye mizinga, mwana wa Liang Fa akamfasiria aliyekuwa akiilinda nchi yake na afyuni. Wote wawili walilelewa katika kazi moja ya Injili. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na sioni kwamba Liang Jinde alimsaliti mtu yeyote.

Liang Fa aliendelea kuhubiri Guangzhou. Miaka yake ya mwisho alihubiri katika hospitali ya Dakta Benjamin Hobson, aliyemwoa Rebecca, binti wa Morrison. Alizungumza na wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi wakingoja kuitwa. Alifariki mwaka 1855, na watu wake walikuwa wakimsikiliza hata baada ya vita ile, kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Ninyi mnaoandika tasnifu za historia ya misheni, nawaomba kitu kimoja, na walimu wenu wanisaidie kukidai: katika orodha ya majina, Cai Gao na Liang Fa wasiwekwe chini ya kichwa cha «wasaidizi». Muda wangu umekwisha. Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa nipo tayari kwa maswali.